Namalwa na Mlango wa Mvule

Saa tatu asubuhi, Bukoto. Namalwa amepiga magoti kando ya mlango wa mvule ulio wazi nusu, drili mkononi, na jasho limeanza kumtoka kabla hata hajagusa swichi. Anapima mara ya nne. Anaufuta mstari wa penseli kwa kidole, anapima tena.

Kwenye ncha ya drili amefunga msumeno wa kutobolea matundu: kikombe cha chuma chenye meno ukingoni, kinachokata tundu la kuingizia kitasa. Ni wa bei poa. Alinunua seti nzima, vikombe kumi na kimoja, kwa shilingi elfu thelathini za Uganda.

"Ule wa maana, mmoja peke yake, ni laki moja na themanini," anasema. "Na mimi mlango mmoja napata elfu ishirini na tano. Hebu niambie."

Mwenye mlango, Afande Alum, amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Ni sajini mstaafu wa polisi, mzaliwa wa Lira. Wiki iliyopita wezi walimvunjia mlango wa zamani. Huu ameuleta kutoka kwao. Saa tisa alasiri ana basi la kwenda kumuuguza dada yake, na nyumba hawezi kuiacha bila kitasa.

"Fundi, hii mlango iko moja tu," anamkumbusha. "Hakuna ingine."

Namalwa, mwenye miaka thelathini na minne, aliyetoka Bungoma, Kenya, hahitaji kukumbushwa. Kazi huzipata kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi la mzee Kamis, Kalerwe. Mteja akinunua kitasa, Kamis humwonyesha Namalwa. Bila kibaraza hicho hana kazi, na kodi ya chumba haingoji mtu.

Wiki tatu zilizopita aliharibu mlango Kansanga. Msumeno ulianza kutoa moshi na kutikisika, naye akaona kabisa. Lakini mafundi wa kibarazani wana mtindo wao: mbele ya mteja, fundi hazimi drili. Ukizima, mteja ataona hujui kazi. Basi akakaza mkono. Tundu likapanuka upande, kitasa kikakosa pa kushika, na Kamis akaitwa kwenda kuomba radhi.

"Aliniambia mlango mwingine ukiharibika nitafute kibaraza kingine," anasema Namalwa. Hacheki.

Anawasha drili. Mvule haukubali kwa urahisi. Anakata, anahesabu hadi kumi, anaurudisha nyuma msumeno vumbi litoke, anakata tena. Ncha nyembamba iliyo katikati ya kikombe inatokeza upande wa pili, na kwa mara ya kwanza anapumua.

Kisha moshi unaanza. Harufu ya mbao iliyoungua inajaa sebuleni, drili inarukaruka mkononi. Anaogopa, ya Kansanga yote yamerudi.

"Endelea tu, fundi! Saa inakwenda!"

Namalwa anazima drili.

Kimya kinamtisha kuliko zile kelele. Anautazama msumeno. Meno mawili yamekatika.

"Afande, nikiendelea na huu nitakuharibia mlango," anasema. "Sehemu iliyobaki nitaimaliza kwa patasi, polepole. Nipe saa moja na nusu."

Alum anatazama saa. Anatazama duara lililokatwa nusu, kisha anamtazama fundi.

"Wewe unajua kweli hii kazi?"

"Najua, Afande. Ndiyo maana nimezima."

Afande anavuta kiti, anaketi, anaushika mlango kwa mikono miwili usicheze.

Namalwa anachonga kidogo kidogo, mara upande wa nje, mara wa ndani, ubao usije ukapasuka. Simu yake inaita mara mbili. Ni Kamis. Haipokei, anaendelea kuchonga. Karibu saa sita, kipande cha duara kinadondoka sakafuni, na kitasa kinaingia sawasawa.

"Toka nje," Alum anaamuru, kisha anafunga kwa ufunguo. "Sukuma!"

Namalwa anasukuma kwa bega.

"Sukuma kama mwizi!"

Anasukuma kwa nguvu zake zote. Mlango hausogei. Huko nje, peke yake, anaegemea ukuta na machozi yanamlengalenga.

Simu aliyoiacha ndani inapoita mara ya tatu, Alum ndiye anayeipokea. "Kamis, huyu fundi yako amesimama kabla ya kuharibu. Mimi naenda Lira na roho safi." Anasikiliza kidogo, anafungua mlango, anamrudishia Namalwa simu. "Anasema kesho kuja, kama kawaida."

Namalwa ameanza kuweka akiba ya msumeno mmoja wa maana, saizi ya kitasa tu. Ile mingine haitaki.

"Siku nikiupata, nitakunywa chai kabla ya kazi kama watu wengine," anasema akifungasha vifaa. "Sasa hivi naipika, naiangalia, naiacha kwa woga wa kuharibu mlango wa mtu."