Wiki Moja ya Kishikwambi Sapiwi

Pamba ilipokaribia kupasuka, nilichukua likizo ya wiki moja nikatoka Bariadi mjini kwenda kwa mama, kijijini Sapiwi. Mkobani nilikuwa na kishikwambi changu cha bei nafuu, kile kinachokuja na kibodi yake. Ukivibandika, sumaku inavishika na unapata kama kompyuta ndogo. Ukivuta, kioo kinabaki peke yake mkononi.

Mama alikiangalia siku mbili bila kukigusa. Siku ya tatu, tumekaa kwenye kivuli cha ghala, akauliza, "Mwanangu, hicho kinaweza kushika maneno yangu?"

Jumapili ile ndugu wangekutana nyumbani kumkumbuka baba, mwaka mmoja tangu tumzike. Kwa desturi yetu, wa kusema angekuwa baba mdogo. Mama alitaka kusema mwenyewe.

"Nikisimama mikono mitupu nitalia," alisema. "Nikilia, baba yako mdogo atapokea, atasimulia habari za ng'ombe wa baba yako, mmoja mmoja, mpaka jua lizame. Mimi nataka kusimulia habari za mtu mwenyewe."

Tukaanza. Ukimfundisha mtu aliyezoea jembe, usimharakishe kwenye herufi. Mwache kwanza aujue uzito wa vidole vyake. Mama alibonyeza kama anayeshindilia udongo juu ya mbegu, na herufi moja ikajaza mstari mzima.

"Gusa halafu toa, mayu, kama unavyopima uji kama una moto," nilimwambia, nikimwita mama kwa kilugha chetu.

Akagusa, akatoa. Hadi jioni alikuwa na sentensi moja: *Alikuwa anatembea polepole ili nimfikie.* Niliisoma nikainuka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Siku zilizofuata nazikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia chandarua. Mwanga wa asubuhi ulikuja umechanganyika na vumbi la ng'ombe. Nikiwa nusu usingizini nilisikia tik, tik, kimya, tik, nikadhani ni matone ya kwanza ya mvua kwenye bati, ingawa mvua zilikwisha zamani. Alikuwa mama uani, kidole kimoja, akimtafuta mume wake herufi kwa herufi.

Ijumaa kibodi ikagoma. Kioo kiliwaka vizuri, lakini mama alibonyeza na hakikutokea kitu.

"Jana uliiweka wapi?" nikauliza.

"Niliitenga na kioo, kama kila siku. Ndama analala na mama yake? Asubuhi utakamua nini?"

Kwetu ndama hufungwa mbali usiku ili maziwa yabaki. Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu alikuwa sahihi: kibodi ile haina betri yake, inanyonya chaji ya kioo. Ndiyo maana chaji yetu ilikuwa imedumu kuliko nilivyotarajia. Ila safari hii alikuwa ameilaza juu ya gunia la pamba ya mwaka jana, na nyuzi zilikuwa zimejaa kwenye vitundu vidogo ambamo kibodi na kioo hukutana.

"Imekufa?" aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuwa amefika hata nusu ya maneno yake.

"Haijafa. Imezibwa masikio tu."

Nikachomoa njiti ya ufagio, nikatoa uzi mmoja mmoja bila haraka. Mama alikaa karibu, mkono mdomoni. Nilipovibandika tena, akagusa herufi moja. Ikatokea.

"Kumbe nilimlaza vibaya ndama wangu," akasema, akaendelea na kazi. Jumamosi jioni aliniambia, "Basi, yamekwisha."

Jumapili baada ya sala alisimama kando ya kaburi na kioo peke yake mikononi. Alisoma vizuri hadi pale baba alipougua, halafu akanyamaza. Jua lilikuwa limepanda, na kioo cha bei ile juani hugeuka kioo cha kujitazamia. Aliinamisha kichwa, akakigeuza huku na huku, machozi yakamtoka. Ndugu wakaanza kumtazama baba mdogo.

Baba mdogo akainuka, akakohoa, akaenda hadi kwa mama. Nilishusha macho. Nilipoyainua alikuwa amevua kofia yake pana ya pama, ameishika juu ya kioo, kivuli kikiangukia mikono ya mama.

"Soma, shemeji," alisema. "Hapo ulipoachia."

Mama akafuta uso kwa kanga, akatafuta mstari wake kwa kidole, akasoma. Alisoma polepole sana, hadi neno la mwisho, na baba mdogo akihamisha kofia toka mkono huu hadi huu kila mmoja ulipochoka.