Majani Mapana ya Kivulini

Nilipanda miche ishirini juani na ishirini chini ya miti mikubwa, pembezoni mwa msitu upande wa Mabalako. Lilikuwa ua la porini, lenye shina la majimaji na petali za rangi ya waridi. Kazi yangu ya kumaliza masomo ya kilimo ilikuwa kuonyesha kivuli kinaufanya nini mmea. Bila vipimo hivyo nisingepata diploma, na vita vilikuwa vimeshanipotezea miaka miwili.

Nilipima kila Jumamosi. Miche ya juani ilichanua mapema, majani yake madogo, mazito, magumu. Ya kivulini ilichelewa kutoa maua, lakini majani yalitanuka, mepesi na laini, yakikinga mwanga mdogo uliopenya kama mama anayepanga masufuria yote uani siku ya manyunyu.

Kisha waasi wakaweka kambi kando ya barabara. Jumamosi iliyofuata harufu ilinipokea kabla sijaiona miche. Kivuli changu kilikuwa kimegeuzwa choo. Mavi kila mahali, inzi wa kijani juu yake, na katikati ya mavi, majani yangu yaliyokunjwa. Walikuwa wamechuma makubwa tu. Ya juani hawakugusa hata moja.

Mmoja wa waasi hao akatoka kichakani akifunga mkanda.

“Étudiant, unatafuta nini mu choo yetu?”

“Ni kazi yangu ya masomo, chef. Ile majani ninaipimaka.”

“Ah! Siye pia tuliipima.” Akacheka. “Ya ku jua inakwangula. Ya mu kivuli iko muzuri, laini kabisa. Andika ivyo.”

“Chef, muniachie hata kidogo.”

“Basi utupatie ile kaye yako. Karatasi yake iko nyingi.”

Nikaliingiza daftari ndani ya shati na kuondoka kinyumenyume. Nilitapika barabarani.

Huko chuoni Butembo, mwalimu aliyenisimamia alisoma ukurasa nilipoeleza jinsi askari wa waasi walivyoyamaliza majani mapana. Akaukata kwa kalamu nyekundu.

“Hapana andika basoda. Andika mbuzi.”

“Mais, Prof, haikukuwa mbuzi.”

“Mbuzi hapana kuya kukutafuta ku nyumba na bunduki. Unataka diplome ao hapana?”

Nilitaka. Nikaandika mbuzi.

Siku ya kutetea kazi, wajumbe watatu wa jopo, waliovaa tai, walifungua ukurasa huo. Wote watatu walikuwa wenyeji wa huko huko Mabalako. Mmoja akaniuliza, bila kuinua macho, mbuzi hao walikuwa wa nani. Nikajibu, wa kijiji. Akanishauri mara nyingine nijenge uzio. Wakanipa alama ya kupita, wakanipa mikono, na mikono yao ilinitia kinyaa, pamoja na wangu. Sote wanne tulijua kwamba kijiji kile hakikuwa na mbuzi hata mmoja. Waasi walikuwa wamewala wote wiki ya kwanza.