Damu Safi ya Illuminée

Katika maabara yetu ya Kicukiro, kila kipimo kilihitaji damu ya mtu asiyewahi kuugua ugonjwa unaopimwa, tuilinganishe na za wagonjwa. Kwa kawaida yetu, damu hiyo ilitoka kwa Illuminée. Mama huyu, mwenye mwili wake, aliyelelewa Bujumbura na kusomeshwa na masista, alinyoosha mkono kabla hujamwomba, kisha akatutania wengine kwamba damu zetu zimejaa bia. Nilimpenda, ingawa majivuno yake yalinichosha.

Wakati huo tulikuwa tukiisaka homa mpya iliyokwisha kuzika watu. Kazi yenyewe si uchawi. Una shanga za sumaku, ndogo kuliko vumbi la unga, zimepakwa protini ya kirusi kinacholeta homa hiyo. Ukizitia kwenye majimaji ya damu, hunasa kingamwili za homa hiyo tu. Unaweka sumaku ubavuni mwa kichupa, shanga zinaganda hapo, unaosha mengine yote. Kisha unabandua kilichonaswa kwa tindikali na kukitilia dawa ya rangi. Ikigeuka buluu, homa imepita mwilini mle.

Alhamisi moja Illuminée alifika hana utani. Mwanawe Ihirwe alikuwa anachemka mwili tangu jana yake. Alikuwa amemnunulia dawa ya malaria kwenye famasi ya Gatsata, akamwacha na bibi yake. Nilimsihi arudi nyumbani. Akasema amalize kwanza vichupa vyake.

Vya wagonjwa viligeuka buluu, kama tulivyotarajia. Cha damu yake pia.

Nilidhani amechanganya, nikamkaripia. Hakubisha, jambo ambalo si lake. Akafungua shanga mpya, akatolewa damu nyingine, nami nikamsimamia. Aliosha na kuosha, kupita inavyotakiwa. Safari hii buluu ilikuwa nzito zaidi.

"Clovis," akaniambia, "ile malaria yangu ya wiki mbili nyuma, unaikumbuka? Sikupima. Nilimeza tu vidonge."

Nikamwambia amshukuru Mungu, mwili wake umeishinda homa peke yake. Nilitaka kumtuliza, mpumbavu mimi.

"Mimi iko mzima, ndiyo," akasema. "Lakini zile siku zote mtoto alikuwa analala kwa kitanda yangu."

Simu yake ikaita mezani. Alikuwa bibi wa mtoto. Illuminée hakuigusa. Alinyanyua mikono yake yenye glavu, akanitazama mimi niipokee.