Mji wa Warumi kwenye Mchanga wa Mama

Kila nikifungua mfuko wa dagaa wakavu, harufu yao inanirudisha asubuhi ile ya utotoni, ufukweni mwa ziwa kule Ikola, baba mdogo akinichorea mji mchangani kwa kijiti.

Enzi za uaskari wake, huko kaskazini jangwani, alitembea ndani ya magofu ya mji wa Warumi. Kijijini walimwita mwongo. Mimi nilimwamini.

“Pita hapa,” akaniambia. “Barabara ya mawe matupu. Magurudumu yameichimba mpaka mguu wako unazama.”

Nikapita taratibu kama niko kanisani.

“Warumi wa kwenye Biblia, baba mdogo?”

“Haohao! Na hiki choo chao. Viti vya mawe vimepangana, wanakaa wote wanapiga soga.”

Nilikuwa bado nacheka mama alipofika na karai la dagaa wabichi. Mchanga ule ndio aliokuwa akianikia.

“Mama, usimwage! Ni mji!”

“Kwa hiyo Warumi ndio watakaotulisha?”

Lakini alisimama, karai kichwani, akautazama mchoro.

“Shemeji, wenyewe walikwenda wapi?”

“Hata sijui, shemeji. Sisi tulikuta mijusi tu.”

Mama akainama. Akaanika dagaa ndani ya nyumba za mchoro, moja baada ya nyingine, akaacha kila barabara wazi. Jua lilipopanda, mji mzima uling'aa kama fedha, nami nikazunguka barabarani mpaka mchana, nikiwafukuzia Warumi kunguru.