Chumba Namba Nne Hakina Mtu

Wewe unayenisikiliza, hasa kama una nyumba ya wageni, au mashine ya kusaga, au hata vyumba viwili vya kupangisha uani, vuta kiti. Sitakutisha, na sitakuambia mambo magumu ya mahakamani, maana na mimi siyajui. Nataka kukueleza taratibu jambo dogo tu, ambalo nililijua vizuri kabisa na bado likanishinda.

Nina gesti ya vyumba sita hapa Korogwe. Siku nilipofuatilia leseni, bwana mmoja wa ofisini alikaa na mimi karibu saa nzima akinielekeza. Ndoo za mchanga ziwe nje ya milango kwa ajili ya moto. Madirisha yafunguke kwa ndani. Mgeni akiteleza bafuni kwako, swali la kwanza litakuwa kwako. Kisha akanionyesha kitabu cha wageni, akaniwekea kidole kwenye kila mstari: jina, kitambulisho, ametoka wapi, anakwenda wapi, namba ya simu, chumba. "Kila anayelala, mama," alisema. "Hata akilala saa mbili tu."

Usione mzigo, ni kazi ya dakika tatu. Mimi nilikuwa hodari. Nimewahi kumrudisha mlangoni mfanyabiashara aliyekataa kutoa kitambulisho, na mvua inanyesha.

Lakini kulikuwa na aina moja ya watu ambao sikuwaandika, nao ni wakwe.

Sisi ni Wazigua wa upande wa Sindeni, Handeni, mimi na mume wangu. Nililelewa kwamba jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwangu. Wanangu walipokuwa wadogo, kliniki nesi akiuliza jina kamili la mtoto nilitaja mawili, la tatu, la babu yake, nikamwachia alisome mwenyewe kwenye kadi. Manesi wa kwetu walielewa, hawakuuliza mara ya pili.

Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingi hayupo. Kwa hiyo baba mkwe alipokuja kutoka Sindeni kwa ajili ya macho, na miadi yake hospitali ilikuwa Jumatano, hakuweza kulala nyumbani kwangu mimi nikiwa peke yangu. Nilimpa chumba namba nne, cha mwisho, karibu na bomba. Aliingia, akabonyeza godoro kwa mkono.

"Mkamwana," alisema, "hapa nitalala au nitaogelea?"

"Utazoea, baba."

"Haya. Nikizama, mtaniona asubuhi."

Mhudumu wangu, mama mtu mzima ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa mapokezi ameshafungua kitabu, kalamu mkononi.

"Nimwandike nani?"

"Huyu haandikwi. Ni baba."

"Baba yako, au baba wa namba nne?" Alicheka.

"Ni mkwe wangu. Unataka nimdai mkwe wangu kitambulisho? Akifika Sindeni aseme nimemkagua kama mwizi wa mbuzi?"

"Ee bosi, yamekwisha. Namba nne hakina mtu." Akafunga kitabu.

Jumanne alfajiri nilipanda Vugiri kufuata maharage na kabichi za jikoni. Kule gari unalipata kwa bahati, na kurudi nilirudi saa kumi jioni. Nilikuta chai ya baba imenywewa, kitanda kimetandikwa, koti lake limetundikwa kwenye msumari, na mwenyewe hayupo.

"Alitoka kwenye saa mbili asubuhi na fimbo yake," mhudumu aliniambia. "Nikamuuliza, unakwenda wapi mzee? Akasema anakwenda kuiangalia Korogwe kama bado iko."

"Tangu saa mbili?"

"Nilidhani mko wote. Halafu, bosi, polisi walipita. Saa sita hivi. Mmoja tu. Akauliza kama kuna mzee aliyelala hapa, nikamwambia hakuna, wote wamo kitabuni. Akasoma kitabu, akaondoka. Kila kitu sawa."

Nami nikamwambia vizuri, umefanya vizuri. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nilidhani ni ukaguzi wa kawaida, na kichwa changu kilikuwa kwenye koti. Ndani yake kulikuwa na simu iliyozimika chaji, kitambulisho cha taifa, na dawa zake za presha zimefungwa kwenye kitambaa. Mzee alikuwa ametoka bila kitu hata kimoja cha kumtambulisha.

Tulitafuta. Mimi nilikwenda msikitini, sokoni, stendi. Mhudumu nilimtuma hospitali, kwa sababu yeye angeweza kulitaja jina. Alirudi akasema nesi wa zamu ya jioni amepitia majina yote ya waliolazwa, hilo halimo. Nilifarijika. Nilijiambia basi mzima, amekutana na watu wa kwao, atarudi. Nilimpigia mume wangu, akaniuliza nimetafuta wapi, nikamtajia, akaniuliza tena nimetafuta wapi. Alikuwa njiani mbali na mzigo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akasema atakuja na gari la kwanza kutoka Handeni.

Asubuhi yake nilikuwa kaunta ya polisi. Askari alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," akauliza shida yangu. Nikasema nimepotelewa na mzee. Akauliza jina. Nikasukuma kitambulisho mbele yake. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mama, gesti yako ni ile ya geti la bluu?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi nilikuja kwako jana."

Akanieleza, wala hakupaza sauti. Baba mkwe alikuwa amepanda gari mpaka Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge. Alipokuwa kijana aliwahi kukata mkonge kule, hilo nilikuwa nalijua, wanaume wengi wa rika lake walikata mkonge, sikulifikiria hata kidogo. Alizunguka kwenye kambi za wafanyakazi akiulizia watu ambao hakuna aliyewajua. Wengine nafikiri walikwisha kufa, wengine walirudi makwao. Mama mmoja anayeuza vitumbua alimpa kigoda apumzike karibu na korona, kile kiwanda cha kukamua mkonge. Mzee akamwambia amelala mjini, gesti. Akaomba maji. Kabla kikombe hakijamfikia akaanguka upande.

Ilikuwa kiharusi. Watu wa pale walimfikisha hospitali ya hapa, na saa ile ile akapewa rufaa ya Tanga kwa kipimo cha kichwa. Kwa hiyo jina lake halikuwamo wodini. Lisingekuwamo hata angebaki, kwa sababu alikuwa ameandikwa mwanamume, mzee, hajulikani.

"Neno tulilokuwa nalo ni moja tu," askari alisema. "Gesti. Nikapita gesti zote za mjini kwa miguu, mama, na jua lile. Kwako nikauliza kuna mzee, nikaambiwa hakuna. Nikaomba kitabu. Namba nne wazi."

"Aliyekujibu ni mhudumu, afande. Hakujua unamtafuta kwa nini."

"Leseni pale ukutani ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi aliyenijibu ni wewe."

Nimeyazungusha maneno hayo kichwani mara nyingi. Ningependa kukuambia kwamba yalikuwa ya ukali, ingekuwa rahisi kwangu kuyachukia. Aliyasema kama mtu anayemweleza mwenzake njia. Sheria haikumtazama yule mama wa mapokezi, aliyefuata agizo langu. Ilinitazama mimi niliyekuwa Vugiri nikichagua kabichi. Kisha akanirudishia kitambulisho. "Nenda kwanza kamwone mgonjwa. Maelezo utakuja kuandika."

Nilikutana na wifi stendi tukaenda Tanga pamoja. Njiani aliniuliza kama baba alikula vizuri usiku ule wa kwanza, nikamwambia alikula wali na samaki akamaliza.

Tulimkuta amelala chali, macho wazi, upande mmoja wa uso umeshuka. Wifi akamwita, "Baba." Jicho moja lilisogea, au tuliliona hivyo kwa sababu tulitaka. Nesi alikuja na faili, akauliza jina, wifi akalitaja. Nesi akakata neno "hajulikani" kwa mstari akaandika jina juu yake.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Jana alikuwa anaongea."

"Alikuwa anasema nini?" wifi akauliza.

"Maneno yalikuwa yanakatika, na mengi ni ya kikwenu, mimi huko sifiki. Kulikuwa na jina moja analirudia. Nilidhani ni la mwanawe."

"Jina gani?"

Nesi alifikiri kweli kweli, nilimwona anajitahidi. "Dada yangu, nilikuwa na wagonjwa ishirini. Sikulishika. Jioni akanyamaza."

Nilimpa daktari kile kitambaa cha dawa. Akasoma majina ya dawa, akasema angependa angeziona jana. Nikamuuliza, je, jana zingesaidia? Akanijibu kwa uungwana kwamba hawezi kunidanganya, pengine ndiyo, pengine isingebadilika kitu, na kwamba hakuna atakayeweza kuniambia. Nilikuwa nikitegemea jibu lolote kati ya mawili. Hilo la tatu sikujua niliweke wapi, na mpaka leo sijui.

Baba mkwe alifariki siku ya tatu. Hakusema neno lingine.

Tulimzika Sindeni. Na hapa ndipo nilipoona jinsi mtu anavyoweza kukosa pa kushika. Habari ya kitabu ilikwisha kuenea, na nilidhani nitatazamwa vibaya. Wanawake waliokaa mkekani walinifungulia nafasi.

"Huyu ndiye mkamwana," shangazi mmoja wa mume wangu alisema. "Mpaka polisi, hakumtaja mkwe wake. Wa siku hizi wangemwita jina kama wanaita kuku."

"Na wangemtoza chumba," mwingine akaongeza, wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani.

Nilimvuta wifi pembeni. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, hatua kwa hatua: ningemwandika, au ningemruhusu mhudumu amwandike, askari angeliona jina saa sita mchana, angepata na namba yangu ya simu, tungefika Tanga jioni ile baba akiwa bado anaongea. Nikamwambia, mngesikia alichokuwa anasema. Wewe ungelitambua lile jina.

"Wifi, acha," alisema. "Ungemwandika baba kama abiria? Siku yake ilifika."

Mume wangu naye alisema hivyo hivyo, siku yake ilifika. Alikuwa anasema kwa upendo, ndiyo maana sikuweza kubishana naye. Nilirudi polisi kutoa maelezo nikiwa tayari kwa lolote. Askari aliandika, nikatia sahihi, nikapewa onyo la maandishi, akanipa pole ya msiba. Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta, barua mkononi, nikiwa sijui niende upande gani. Nilitamani mtu mmoja tu anigombeze ipasavyo, na hakupatikana.

Mhudumu alikaa wiki nzima kabla ya kuniuliza. Tulikuwa tunakunja mashuka.

"Bosi, kwani mimi nilidanganya?"

"Hukudanganya. Ulisema nilichokufundisha."

"Mimi nilijua yumo. Nilimpelekea chai kwa mkono wangu. Ila ulisema huyu haandikwi, na yule nilidhani anauliza habari za wageni wa kitabuni." Akaweka shuka chini. "Nikaogopa tena utafungiwa."

Bado tuko naye. Akiingia mtu mwenye sare, yeye huenda nyuma kuangalia maji, nami husimama kujibu. Sijamlaumu kwa hilo.

Sasa nikueleze ninavyofanya, labda utapata la kuchukua. Mkwe akija, sitaji jina lake wala simuulizi. Mhudumu anampa kitabu na kalamu, anamwambia, "Mzee, tusaidie hapa," naye mkwe anaandika mwenyewe. Asiyejua kuandika, anamtolea mhudumu kitambulisho. Hakuna aliyekasirika mpaka leo. Mmoja alifurahi, akasoma na majina ya waliomtangulia, akauliza huyu wa Lushoto ni mtu wa nani. Ilikuwa rahisi hivyo, na jambo hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kitabu peke yake hakitoshi, kwa sababu ipo siku utasahau kumwandika mtu, au utamhurumia. Kwa hiyo leo, kabla hujafunga mlango, mwite anayekukalia mapokezi umwambie hivi: akiulizwa kama kuna mtu ndani, na yupo, aseme yupo, hata kama hayumo kitabuni, na ataje chumba.