Amina ya Mama Mwai

Ukishuka Karatina siku ya Jumamosi, usisumbue mtu na kuuliza kona ya reli iko wapi. Fuata wasichana wenye wamevaa viatu nyeupe kwa matope. Wanaenda huko. Na ukifika, kabla hujatoa simu kwa mfuko, utasikia sauti ikitoka kwa kibanda ya chai, sauti ya kupasua mabati:

"Wewe wa jaketi ya manjano! Hiyo mguu! Iko mbele ya mawe inatafuta nini?"

Huyo sasa ndiye Mama Mwai. Kwa kitambulisho ameandikwa Gathoni, lakini hiyo jina imebaki hapo hapo kwa kitambulisho.

Hii kona yetu iko hivi. Reli inapita nyuma ya maduka, karibu sana, mpaka treni ikipita mabati inacheza. Zamani ilikuwa tu mahali ya kutupa maganda na kuanika blanketi. Halafu Pratik mwenye duka ya rangi akabaki na mikebe yenye hakuna mtu alikuwa anataka, zambarau, pinki, na ile kijani ya chura. Badala ya kumwaga, akapaka kuta zote za nyuma. Mtu akapiga picha ya treni ikipita katikati ya hizo rangi, na Mlima Kenya huko nyuma umevua mawingu, akaitupa kwa mtandao. Basi. Watu wakaanza kumwagika kutoka Othaya, kutoka Wang'uru, kutoka Nairobi. Siku hizi hata wazungu wakienda Nanyuki lazima wasimame.

Mimi niko hapo kila wikendi na kamera, napigia wageni picha. Kwa hivyo hii nawaambia sikuambiwa na mtu.

Mama Mwai ni mtu wa Mukurweini, wale wa ndizi. Akiwa msichana alikuwa anabeba mkungu mzima kwa bega kutoka bondeni mpaka barabara, kwa sababu hiyo mlima ya kwao hata pikipiki inapanda ikilia. Hiyo bega uiweke kwa akili, tutairudia. Halafu kuna sauti. Kwaya ya kanisa walimtoa, si ati hakuwa anajua kuimba. Mwalimu wa kwaya alimwambia tu pole pole, "Mama Mwai, wewe imba ukiwa nyumbani, sisi tutakusikia."

Akaja hapa relini akauza chai na mandazi, akasomesha kijana yake Mwai na hiyo kibanda, akawa sawa. Mpaka siku kijana fulani alitaka picha akiwa amelala juu ya reli, kichwa kwa mkono, kama mtu ako kwa kitanda yake. Treni ikachomoza. Kijana aliruka akaacha kiatu. Dereva wa treni akapiga simu, na kabla chai ipoe, Afande Moffat, askari wa reli, akafika na pikipiki na uso ya kufunga.

"Sikizeni, watu wa vibanda," akasema. "Dereva akinipigia simu tena ati amekuta mtu kwa reli, hata kama ni kuku yenu, hapa naweka senyenge kutoka godauni mpaka darajani. Na hizi vibanda muanze kuziita kuni."

Mama Mwai akaanza kuosha vikombe zenye zilikuwa safi. Sisi wenye tunamjua ndio tukaogopa kabisa.

Asubuhi ilipofika alikuwa kwa mlango ya Pratik.

"Nataka nyeupe."

"Mama Mwai, hiyo ni ya kuuza!"

"Nani alileta hawa watu hapa na pinki yake? Ni mimi? Pratik wa Kamla, leta nyeupe kabla niite mama yako."

Pratik ni mtu mzima na ndevu, lakini Kamla ni Kamla. Akaleta nyeupe. Mama Mwai akapanga mawe mstari mrefu huku na huku ya reli, mbali kabisa na treni, akazipaka moja moja. Kuanzia hapo hakuna chai mpaka ujibu swali.

"Mtu wa picha anasimama wapi?"

"Nyuma ya mawe!"

"Na treni ikikuja?"

"Nyuma ya mawe!"

"Na kama unapendwa sana kwa mtandao?"

"Nyuma ya mawe, mathe!"

"Chukua mandazi."

Shida ikawa ni vile ya kuambia watu treni inakuja. Kwanza alijaribu ngemi, yaani vigelegele. Maze, hiyo ilikuwa kosa. Huku kwetu ngemi ni ya mtoto amezaliwa, ni ya bibi harusi amefika. Hakuna mtu huku amewahi kutoroka ngemi. Siku ya kwanza treni ilikuja, Mama Mwai akapiga ngemi ya kufika Nyeri, na watu wote wakakimbia wakielekea reli, simu juu, wakiulizana, "Ni nini? Nani ameolewa?" Aliwarudisha nyuma na taulo ya kupangusia meza, akichapa mgongo ya kila mtu. Baada ya hiyo akachukua filimbi ya kuchezesha mpira yenye Mwai aliacha nyumbani, akaivaa kwa shingo. Hiyo ilifanya kazi vizuri.

Ilifanya kazi mpaka Jumamosi ya harusi ya Anita.

Hiyo siku jua ilikuwa imetoka, mlima uko wazi, na hao watu walikuja wakiwa wameshiba furaha. Bibi harusi Anita na gauni kubwa kama hema. Wasichana wake wa rangi ya papai. Mashangazi wa huku, mashangazi wa huko, na spika mbili zenye walichomeka kwa stima ya duka ya Pratik. Mbele ya wote, na maikrofoni, Ankal Peterson, mjomba wa bwana harusi na mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kijivu na tumbo ya heshima. Walikuwa wamechagua Jumamosi makusudi. Treni ya abiria inapanda Ijumaa, inarudi Jumapili. Lakini ile ya mizigo haina siku. Inakuja ikijisikia.

"Wapi?" Mama Mwai akawauliza.

"Nyuma ya maweee!" wasichana wakajibu, wakicheka. Alikuwa amewafundisha vizuri. Nikaanza kuwapanga hapo nyuma ya mawe, picha iko karibu kutoka, na Ankal Peterson akainua mkono.

"Vijana wangu, hatuwezi kuanza kitu kama hii bila maombi. Na tusiombe tukiwa mbali. Hii reli imesumbua watu. Tuibariki yenyewe."

Akatembea, akapita mawe, akaenda akasimama katikati ya reli.

Sasa wewe niambie. Mzee amesema tuombe. Upande ya bibi harusi inaangalia upande ya bwana harusi, na ya bwana harusi inaangalia ya bibi harusi. Nani atakuwa wa kwanza kusema mimi siendi maombi? Wakamfuata wote. Gauni ikapanda reli. Mashangazi wakapanda reli. Mama Mwai akafungua mdomo apige kelele, lakini Ankal alikuwa ashasema, "Tuiname vichwa." Na kichwa ya Mama Mwai ikainama yenyewe, na kijiko ya chai mkononi. Ni mazoea. Hata mimi niliinama, nikafunga jicho moja.

"Baba!" spika zikanguruma. "Utulinde na ajali ya barabara!"

"Amina!"

"Utulinde na ajali ya pikipiki!"

"Amina!"

"Utulinde na ajali ya ndege!"

Hapo hakuna mtu amewahi kupanda ndege, lakini wakasema amina.

Ndio mfuniko ya sufuria ya Mama Mwai ikaanza kucheza. Ti-ti-ti-ti. Yeye anajua hiyo mfuniko. Haichezangi bure. Akafungua macho, tukaangaliana.

"Ngai, Mungu wangu," akasema.

Treni ikapiga honi huko nyuma ya godauni. Puuuuu!

"Tumesikia tarumbeta yako, Baba!" Ankal akaitikia, macho imefungwa kabisa, uso juu.

Mama Mwai akapiga filimbi mpaka mashavu ikawa kama mandazi. Priiii! Priiii!

"Tunakemea hiyo kelele!" Ankal akanguruma. "Adui hapendi tukiomba! Shikaneni mikono!"

Wakashikana mikono! Nikapiga nduru, "Watu wangu, treni!" Shangazi mmoja akafungua jicho moja, akaniangalia kama mtoto ameingia kanisa na ng'ombe. "Shhh! Heshima, kijana," akasema, akalifunga tena.

Pratik ndiye alikuwa wa kwanza kutumia kichwa. Akang'oa waya ya spika. Maikrofoni ikakufa. Lakini mzee wa kanisa hakati tamaa juu ya stima. Akaongeza sauti yake mwenyewe, na sasa hata mikono ilikuwa juu.

Hapo ndio niliona Mama Mwai akisimama wima. Akaweka kijiko chini. Akavuta pumzi, na naapa mandazi ilisogea.

"AMINAAA!"

Sauti yote yenye kwaya ilikataa. Njiwa ziliruka kwa paa ya soko. Na unajua mtu wa huku, ukimpigia amina ya nguvu, mdomo inajibu kabla akili iulize ni nani. Wote wakasema "Amina!" na wakafungua macho, wakaangaliana, ati tumemaliza? Kabla mtu aanze kuuliza swali, Mama Mwai akaendelea na ile sauti ya mhubiri wa krusedi:

"Na sasa kila mtu mwenye anataka kuoa ama kuolewa kabla ya Disemba, akuje hapa kwa mawe nyeupe! Mbio! Baraka ni ya wenye wamefika kwanza!"

Wuui. Hao wasichana wa papai waliruka reli kama swara. Shangazi wa heshima aliwapita wawili. Kuna mama alikimbia na bwana yake alikuwa hapo hapo akimwangalia. Hata bwana harusi akakimbia, na Anita akamshika koti.

"Na wewe unaenda wapi? Si umeoa saa hii?"

"Sijui! Nimeona watu wakikimbia!"

"Rudi hapa!" Lakini alikuwa anamvuta wakienda, akamkimbiza mpaka wote wawili wakaangukia nyuma ya mawe, gauni juu ya kichwa ya bwana harusi.

Akabaki mtu mmoja. Ankal Peterson alikuwa hajafungua macho. Yeye hakuwa amesema amina, na ombi ni yake, na hawezi kuachia mwingine aifunge. Midomo inaenda pole pole. Mikono juu. Na huko kwa kona, taa ya treni ikaanza kuonekana kwa ukuta ya godauni.

Mama Mwai hakumuita. Alivuka mawe yake mwenyewe, kitu sijawahi kumuona akifanya, akainama, akaweka bega chini ya ile tumbo ya heshima, akamwinua. Mzima mzima. Kama mkungu wa ndizi wa Mukurweini. Miguu ya Ankal iko mbele, kichwa iko nyuma, koti imemfunika, na bado tunasikia "...na watoto wetu, Baba..." Hatua, hatua, hatua, hao! Akapita mawe, na hapo ndio treni ikachomoza kwa kona.

Ikapita. Behewa baada ya behewa, mabati inacheza, rangi ya Pratik inapita katikati kama mtu anageuza kurasa. Nilipiga picha bila kuangalia. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje. Alituangalia, akaangalia Mama Mwai na mzee kwa bega, akazidi kuangalia mpaka shingo ikakataa.

Halafu akainua simu kwa sikio.

"Tumeisha," Pratik akasema.

Afande Moffat alifika kabla hata Anita apanguse gauni. Hakushuka kwa pikipiki. Simu yake ilikuwa inaongea, akaiweka sauti juu ili sisi wote tusikie, na nikaona Mama Mwai ameangalia kibanda yake, sufuria, benchi, ile taulo. Anaiangalia kama mtu anafungasha.

"Rudia hapo," Afande akaambia simu. "Umekuta mtu kwa reli?"

"Hapana, Afande!" dereva akasema, na alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Nimepiga honi nikidhani nitakuta wale watu wa kulala kwa reli. Nimetokea kona, nimekuta harusi nzima imejipanga nyuma ya mawe kama watoto wa nasari! Lakini uniambie, huyo mama amebeba mzee, ni nani? Yeye hubeba tu wazee, ama hata mimi nikichoka?"

Afande Moffat alijaribu kukunja uso. Ilikataa. Akazima simu, akaangalia mawe, akaangalia Mama Mwai, akaangalia Ankal Peterson mwenye alikuwa bado anaelea huko juu.

"Na senyenge, Afande?" Pratik akauliza, sauti ndogo.

"Senyenge ya nini? Si mko na huyu." Akashuka kwa pikipiki. "Mama Mwai, niwekee chai. Na umshushe mtu wa watu."

Akamshusha. Ankal akanyoosha koti, akavuta tai, akaangalia upande yenye treni ilienda, akaangalia pale alikuwa amesimama. Nikadhani sasa ameelewa na anazimia. Halafu akakohoa.

"Mimi," akasema, "sikuwa nimemaliza."

"Malizia, mzee wangu," Mama Mwai akasema, akimpangusa bega na taulo. "Lakini wapi?"

Mzee akaangalia chini. Akarudisha mguu mmoja, yenye ilikuwa imekanyaga jiwe.

"Nyuma ya mawe," akasema.

"Chukua mandazi."

Akaishika na mkono ya kushoto, akainua ile ya kulia, na sisi wote tukainama. Pratik na yeye akainama. Afande akatoa kofia.

"Na pia, Baba," Ankal Peterson akaendelea kutoka pale aliachia, "utulinde na ajali ya reli."

Mfuniko ya sufuria ilikuwa imetulia kabisa, mpaka Mama Mwai aliposema amina. Hapo iliruka ikaanguka chini.