Bunduki Iliyotulia Mpaka Amina

Juzi niliinua sufuria ya chai, mkono ukatetemeka, nikamkumbuka memsaabu wa Ruiru, mjane aliyemwajiri baba yangu. Zamani alitupeleka, mimi na baba, duka moja la Thika lililonuka mafuta ya bunduki, achague bunduki ya upepo ya kufukuzia tumbili.

Aliinua kila moja bila kuegemea popote, huku baba akisali Baba Yetu polepole. Ya kwanza, mtutu ulishuka baba alipofika kwenye "utupe leo mkate wetu".

"Hiyo ni nzito, memsaabu. Jaribu hii nyepesi, pia ni imara," baba akamwambia.

Hiyo ilitulia mpaka Amina.

Mimi nilidhani baba anawaombea tumbili. Kumbe alikuwa akipima mkono wa mtu anayeishi peke yake.

Jana niliinua sufuria tena, nikasali Baba Yetu mwenyewe. Sikufika kwenye mkate.